Gasketi Yenye Kisikio

Katika nyumba ile chumvi ilikuwa haitoki upande mmoja wa meza kwenda wa pili bila kupitia mkononi mwa babu. Baba mtu hamwombi bintiye, binti hamtazami baba yake, kila mmoja anapitishia maneno kwa mzee. "Babu, mwambie mwanao anisogezee maji." "Baba, mwambie mjukuu wako maji yako mbele yake." Na yote hayo, jamani, kwa sababu ya kompyuta.

Lakini tusidharau kitu cha mtu. Ilikuwa laptopu nzito ya kuchezea gemu, yenye taa za rangi chini ya vitufe, na binti aliidundulizia kutoka mshahara wake wa duka la uchapishaji mpaka akaipata. Huko kwenye gemu alijiita Radi. Jina likashuka likaingia nyumbani, sasa hata majirani walimwita hivyo. Alikuwa na timu yake, wanacheza kwa mashindano, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Ndipo mashine ikaanza vituko. Ukiiwasha, feni inavuma, nembo inatokea, vinukta vinaanza kuzunguka, halafu giza. Unaiwasha tena, giza linakuja mapema zaidi. Radi alifuta kila kitu akapanga upya, akabadilisha chaja, akaomba ushauri kwa wenzake. Wapi.

Siku moja akaigeuza. Chini, skrubu zilikuwa zimekwaruzwa vichwa na bisibisi kubwa kupita kiasi, bisibisi ya gereji. Na nyumba ile ilikuwa nyumba ya gereji. Baba yake, fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa kuwa hakuwahi kuharakisha neno wala nati, alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba siku moja atalitumbukiza dude lile kwenye pipa la oili chafu, maana linamnyima mtoto usingizi. Radi akaunganisha mambo. Akamwambia baba yake usoni, "Wewe ndiye umeniharibia."

Taratibu hakukana, wala hakukubali. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kula. Sasa niambie, mtu asiye na hatia husema nimesikia? Toka siku ile chumvi ikaanza kuzunguka.

Babu hakuweza kuvumilia. Yeye ndiye aliyeianzisha gereji, akajulikana kwa jina la Babu Spana, na ingawa mvi zilikuwa zimemjaa mpaka masikioni, bado kila asubuhi alivaa ovaroli akashika gari. Ni kweli, siku hizi alikuwa akinywa chai akamaliza, kisha akauliza chai iko wapi. Ni kweli, spana yake iliwahi kukutwa kabatini kati ya sahani. Radi alimcheka, "Mume wangu mzee umeanza kupotea, nitafute kijana," naye akamjibu, "Katafute, utarudi unalia." Ndiyo utani wa babu na mjukuu, nani angeutia maanani? Kitu kimoja tu kilimkera: jioni, wenzake wakishafunga vifaa, mwanawe alichukua tochi akaingia chini ya kila gari ambalo yeye babu amelishika. Anatafuta nini huko? Babu alijifanya haoni.

Basi siku moja mezani mzee alipiga kiganja, vijiko vikaruka. "Nani kaifungua mashine ya mtoto?"

Taratibu aliinua macho akamtazama baba yake kwa muda. Kisha akayarudisha kwenye sahani.

"Hamsemi? Haya. Nitaipeleka kwa fundi mimi mwenyewe. Na aliyeifungua, awe mkubwa awe mdogo, atasimama mbele ya meza hii aombe radhi, sisi tukimwangalia. Nimeapa."

Kesho yake mchana aliifunga laptopu kwenye taulo akaenda nayo kwa Dada Waya. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kompyuta, na duka lake lilikuwa jembamba mno, limebanwa kati ya saluni na mtu wa kutoa kopi. Ukitaka kugeuka lazima uombe ruhusa. Ukutani aliandika kwa herufi kubwa kwamba mwenye mali akae aone kazi yake ikifanywa. Alishachoka kuambiwa ameiba vipuri. Babu alilisoma tangazo lile akaridhika, akavuta stuli.

"Inakufaje, baba?" Dada Waya aliuliza.

"Inawaka vizuri, halafu kabla haijafunguka inazima."

"Imewahi kufunguliwa?"

"Imefunguliwa. Aliyeifungua ndiye ninayemtafuta."

Dada Waya akacheka kidogo, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Aliiwasha, ikazima. Akatoa betri, akaiwasha kwa chaja peke yake, ikazima. Akatoa diski. Akatoa kipande kimoja cha memori, akakirudisha, akatoa cha pili. Babu aliangalia mikono ile kwa raha. Ndivyo naye alivyofanya maisha yake yote: toa kimoja, jaribu, rudisha, toa kingine, usibahatishe. Fundi ni fundi, awe wa lori awe wa saa.

Mara hii Dada Waya hakuiacha iendelee kufunguka. Aliishika ikabaki kwenye ukurasa wake wa bluu wa mipangilio, akaweka kidole penye namba ya joto. "Angalia hapa, baba." Namba ilikuwa inakimbia kupanda. Wakaitazama wote wawili, ikafika juu, mashine ikafa.

"Haina ugonjwa wa akili hii," alisema. "Inachemka. Inajizima yenyewe isije ikaungua."

"Rejeta," alisema babu.

"Umesema. Ni rejeta, ila hii haina maji."

Akafungua mfuniko, akalegeza skrubu za bomba la shaba lililolala juu ya ubongo wa mashine, akalinyanyua. Akaleta taa karibu.

"Ee! Makubwa haya. Mimi humu nimeshakuta mende, nimekuta soda, nimekuta mpaka pini ya nywele. Hii sijawahi."

Katikati ya shaba na ubongo palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichopakwa grisi nyeusi. Kilikatwa kufuata umbo, kingo zimenyooka, matundu ya skrubu yamekaa mahali pake.

"Hapa panatakiwa dawa fulani nyeupe, nyembamba, ya kupitisha joto," alisema Dada Waya. "Mtu kaona imekauka, kaikwangua, kaweka karatasi. Sasa joto litapita wapi? Lakini tusimnyime haki yake, kajua kukata."

"Ni gasketi," alisema babu.

Sasa hapa nisimame kidogo. Zamani gasketi hazikuuzwa kila duka. Ukifungua injini, ile karatasi inayokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje, ikipasuka imepasuka. Unatafuta boksi, unalilaza juu ya chuma, unagonga ukingo pole pole kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo mpaka karatasi ijikate yenyewe. Kwa kazi hiyo Babu Spana hakuwa na mpinzani. Tena zake zilikuwa na alama: pembeni aliacha kisikio, kijipande kilichochomoza nje, ili fundi atakayekuja kufungua siku nyingine apate pa kushika asikwangue chuma. Wenzake walimtania, hakujali. Na hakuna mwingine aliyekata gasketi yenye kisikio, isipokuwa mwanawe, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Karatasi iliyokuwa kwenye kibano cha Dada Waya ilikuwa na kisikio.

Babu aliiomba, akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akaitia mfuko wa kifuani. Hakusikia vizuri tena alichoelezwa. Dada Waya alisafisha, akapaka dawa yake nyeupe, akafunga, akawasha. Mashine ikaimba, ikafunguka mpaka mwisho, taa za rangi zikakimbizana chini ya vitufe. Siku nyingine mzee angepiga makofi. Alishukuru, akalipa, akatoka.

Njia nzima alisema peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwana nimemshika mkono mwenyewe, nimemfundisha nyundo, leo anautumia ufundi ule kumuumiza mtoto wake wa kuzaa? Kisha anakaa mezani anatafuna kama hakuna kitu! Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni, kwa kuwa alimpenda sana yule mwana na hakutegemea roho mbaya kutoka kwake.

Gereji ilikuwa kimya, wengine wamekwenda kula. Miguu ya Taratibu ilikuwa imechomoza chini ya pikapu.

"Toka huko."

Taratibu akatoka, akasimama anajifuta mikono. Babu akafungua gazeti juu ya boneti. "Njia ya mwongo ni fupi. Hiki ni nini?"

Mwana aliangalia. Hakuonyesha mshangao hata chembe. "Nimekiona, baba."

"Ni mkono wa nyumba hii. Mimi sijakikata. Kabaki nani?"

"Ni mimi," alisema Taratibu. "Nimekosa. Nitasimama mezani kama ulivyoapa." Na huku akisema, alinyoosha mkono akaichukua ile gasketi haraka, akataka kuitia mfukoni.

Haraka! Mtu ambaye hajawahi kuharakisha kitu tangu azaliwe. Hilo ndilo lililomshtua mzee. "Lete hapa," alisema. Taratibu akasita. "Lete, nimesema!"

Akainyang'anya, akaigeuza upande wa chini, akaipangusa grisi kwa kidole gumba. Maandishi yakatokea. Lilikuwa jina la dawa yake ya presha, na chini yake mwandiko wa mtu wa duka la dawa, kwa kalamu: kimoja asubuhi. Boksi lile lilikaa kwenye droo ya kitanda chake, na ufunguo wa droo ulining'inia shingoni mwake.

"Umeingiaje kwenye droo yangu?" aliuliza, lakini swali lilikuwa limeshapoteza nguvu kabla halijamtoka.

"Baba, kaa."

"Sikai."

"Kaa, baba yangu. Nakuomba."

Babu akakaa juu ya tairi. Taratibu akachuchumaa mbele yake, na alipoanza kusema hakumtazama usoni.

"Ulikuwa barazani, siku ya mapumziko. Skrubu umezipanga kwenye kisahani, unaimba. Nikakuuliza, ukasema mke wako, Radi, analalamika mashine yake inapata moto, unamtengenezea kabla hajarudi. Ulifurahi sana. Nikasema moyoni, labda wamekubaliana. Nikakuacha."

"Mimi?"

"Wewe, baba."

"Na akakutukana mbele yangu. Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wewe ulipiga meza ukauliza nani kaifungua. Nilikutazama machoni. Nilidhani unaficha aibu. Lakini ulikuwa unauliza kweli." Taratibu akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka oili. "Afadhali anichukie mimi. Mimi nitapona."

Mzee alishika ile gasketi kwa mikono miwili. Aliipekua akili yake kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti: baraza, kisahani, nyimbo. Hapakuwa na kitu. Na karatasi ilikuwa mkononi mwake, kisikio chake kimechomoza. Aliogopa. Tangu azikwe mkewe hakuwahi kuogopa namna ile.

"Kumbe ndiyo maana unaingia chini ya magari na tochi."

"Ndiyo."

"Yote niliyoyashika?"

"Yote, baba. Halitoki gari mpaka nimelipitia."

Babu akatikisa kichwa taratibu. Halafu kichwa kikasimama. "Na la shule?"

"La shule lipi?"

"Basi dogo la watoto. Asubuhi, ulipokwenda kufuata vipuri. Dereva alikuja nalo, breki."

Taratibu alisimama wima. "Limeondoka?"

"Limeondoka."

"Ulifanya nini, baba? Kumbuka. Ulifungua magurudumu? Pedi ulizifunga?"

Alikumbuka dereva akiingia na kusalimia. Alikumbuka dereva akitoka, akipiga honi na kupunga mkono. Katikati hapakuwa na kitu. "Mpigie," alisema. "Mwambie asiwapakie. Mpigie upesi, mwanangu, mpigie!"

Dereva alikuwa nje ya lango la shule, injini inanguruma, watoto wanapanga foleni. Alipoambiwa asiondoke alilalamika, lakini alizima. Wakaenda na pikapu, Taratibu anaendesha kama kichaa, babu amekumbatia jeki mapajani utadhani mtoto mchanga. Midomo yake ilikuwa inaomba dua bila sauti.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi za shule, wanapiga kelele zao. Taratibu aliinua basi, akatoa gurudumu la kwanza, akalala, akachungulia, akagusa kila kitu. Akaenda la pili. Mzee alisimama pembeni, ameshika nati kiganjani, hathubutu kuinama. La tatu. La nne, Taratibu alikaa chini ya lile muda mrefu kuliko yote. Kisha akatoka akakaa kwenye vumbi, akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Safi! Baba, safi kabisa! Kila pini iko mahali pake. Njoo uone, ni mkono wako ule ule!"

"Sasa mlinitisha nini?" alisema dereva. "Huyu mzee ndiye fundi, nyie wengine mnabahatisha."

Babu akapiga magoti, akaingiza kichwa. Aliona pedi zimekaa sawasawa. Aliona pini zimekunjwa ncha kwa namna yake, na grisi imefutwa pembeni kwa kidole gumba, kama alivyopenda kuifuta. Ilikuwa kazi nzuri, kazi ambayo angemwonyesha mwanafunzi. Akaiangalia kwa muda mrefu, akasubiri imjie hata dalili ndogo kwamba aliwahi kuwa pale. Haikumjia.

"Kazi nzuri," alisema alipotoka. "Mkono wangu ulikuwepo. Mimi mwenyewe sikuwepo."

Taratibu akaacha kucheka.

Mzee akapapasa mfuko wa nyuma wa ovaroli, akatoa spana aliyotembea nayo tangu ujana wake, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. Akamwekea mwanawe mkononi, akamfumba vidole. "Nikija gereji, nipe chai. Nikiomba gari, nikatalie. Nikikutukana, nikatalie vilevile." Watoto wakapakiwa, basi likaondoka, na wao wawili wakabaki wamesimama mpaka lilipokata kona.

Kiapo ni kiapo. Mchana wa siku ya mapumziko, wote watatu wakiwa mezani, babu alisukuma kiti akasimama. Radi alikuwa amefurahi tangu alipoiona mashine yake inafunguka, na alijua tu kwamba fundi wa kuitengeneza amepatikana. Babu akaweka gasketi katikati ya meza, karibu na chumvi.

"Aliyeifungua ni mimi," alisema. "Nilitaka kukufurahisha. Nikakuharibia, nikasahau, nikamwacha baba yako abebe. Naomba radhi, mjukuu wangu. Naomba radhi, mwanangu."

Radi alidhani ni utani, akatazama huku na huku akimngojea mtu acheke. Hakucheka mtu. Alipomwona baba yake ameinamisha kichwa ndipo alipoelewa. Akazunguka meza, akapita nyuma ya kiti cha babu, akaenda kumshika baba yake shingoni, akalia kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia, baba? Kwa nini uliniacha niseme yale yote?" Taratibu alimpigapiga mgongoni, akasema yameisha. Kisha akaomba chumvi, na Radi akampa mkononi.

Mwezi ukapita. Timu ya Radi ilicheza mashindano yao, wakatolewa mapema, wakajiapiza kurudi. Babu alikaa gereji kwenye kiti chenye mto, akinywa chai, wakati mwingine mara mbili. Alipoomba gari alikataliwa. Alipotukana, alikataliwa vilevile.

Halafu ikawa siku, chakula kiko mezani, Radi ameiweka laptopu pembeni imefungwa. Babu akaivuta, akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya vile vichwa vya skrubu vilivyokwaruzwa. Uso wake ukakunjamana. Akapiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka.

"Nani kaifungua mashine ya mtoto?"

Taratibu aliweka kijiko chini, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Radi akamgusa mkono chini ya meza, akamtangulia.

"Ni mimi, babu," alisema, akasimama wima mbele ya meza. "Niliifungua mwenyewe, nikakosea. Naomba radhi."

Mzee alimkazia macho. Kisha hasira ikamshuka, akatabasamu, akamsogezea sahani ya nyama.

"Kaa ule, mke wangu," alisema. "Siku nyingine ikikusumbua, niletee mimi."